Ladha ya Bati

Nyumbani kwa Mzee Ulimi nyama ya kopo haikutajwa mezani, kama vile watu wengine wasivyotaja maradhi wakati wa chakula. Mwenye nyumba alikuwa mwonjaji katika kiwanda cha kusindika nyama tangu ujana wake hadi alipoota mvi, na kazi yake ilikuwa moja tu. Kila asubuhi alipangiwa visahani vya nyama iliyotoka koponi, ikiwa baridi na mafuta yake yameganda. Naye aliichota kwa ncha ya kijiko, akaizungusha kinywani, akaitema katika bakuli, kisha akatamka "Ipite" au "Irudi". Haikupata hata mara moja kushuka kooni. Nyama ya namna hiyo, ikionjwa na mtu ambaye hajanywa hata chai, haiwezi kumwachia mapenzi. Mzee Ulimi alistaafu akiwa na pensheni, na jina hilo alilobandikwa na wenzake, na imani isiyotikisika kwamba nyama ya kopo ni adhabu iliyofungwa kwa bati.

Kiwanda nacho, katika kumuaga, kikamzawadia katoni nzima ya nyama hiyo hiyo.

"Wamenitukana," alimwambia mkewe huku akiitua mlangoni kwa kishindo. "Wagawie wenye njaa. Nisiione humu ndani."

"Haya, mzee wangu," mkewe aliitikia, akaisukuma katoni chini ya sinki, nyuma ya ndoo. Hakuwa mwanamke wa kutupa chakula, wala hakuwa mwanamke wa kubishana na mtu aliyekwisha kupandisha sauti.

Ingelikaa huko mpaka leo kama si meno ya Mzee Ulimi, ambayo yalistaafu baada yake kidogo. Nyama ya bucha ikawa vita. Alikuwa akitafuna, akilalama, akiweka kando ya sahani vipande vilivyomshinda, akiuliza kama siku hizi ng'ombe wanafugwa kwa ajili ya viatu. Siku moja bucha lilifungwa, na mkewe, akiwa hana la kufanya, aliingiza mkono nyuma ya ndoo.

Aliikata nyama vipande vinene akaviweka katika kikaango kikavu, bila tone la mafuta, akaviacha hapo bila kuvigusa hadi vikashika rangi ya kahawia na kuanza kulia kwa mlio mwembamba. Hapo ndipo alipovigeuza. Vitunguu akavikaanga katika mafuta yaliyotoka katika nyama yenyewe, akatia nyanya, pilipili manga, na ndimu mwishoni, maana nyama ya kopo huja na chumvi yake na huhitaji kitu cha kuikemea. Mzee Ulimi alikula, akafuta sahani kwa mkate, akaegemea kiti.

"Hii sasa ndiyo nyama! Umeinunua wapi?"

"Bucha," alisema mkewe, na neno likamtoka kabla hajalipima.

Tangu siku hiyo hakukuwa na njia ya kurudi nyuma. Katoni ilipokwisha alianza kununua nyingine, akizificha katika kapu chini ya mboga. Aliipika kwa viazi vilivyokatwa vidogo vidogo; aliiponda na kuifanya vidonge, akavichovya katika yai na kuvikaanga; aliitia katika kabichi, dakika za mwisho tu, isije ikavurugika. Makopo matupu aliyabonda, akayafunga kwa gazeti, na kuyatumbukiza katika pipa la taka la jirani, ambaye alikuwa rafiki yake wa kufa na kuzikana. Mzee Ulimi, akipita hapo katika matembezi yake ya jioni, alikuwa akitikisa kichwa.

"Jirani zetu hawa wanakula makopo kila siku ya Mungu," alisema. "Nawahurumia watoto. Wapelekee nyama kidogo, waonje chakula cha watu."

Naye alipeleka. Jirani alikuwa akicheka hadi anashika mbavu.

Mambo yangeliendelea hivyo kwa amani kama binti yao hangalipata mchumba. Kijana mwenyewe hakuwa na kasoro: mpole, msafi, anayesalimia watu kwa kuwatazama usoni. Kasoro ilikuwa kazi yake. Alikuwa akizunguka madukani na gari la kampuni akiuza vyakula vya makopo kwa jumla.

"Mwanangu hataolewa na mtu wa makopo," alitangaza Mzee Ulimi. "Anayewauzia watu kile asichokijua ni tapeli, na kama anakijua na bado anakiuza, basi ni muuaji."

Binti alilia, akanuna, akaacha kula. Mama alibembeleza kwa mwezi mzima hadi mzee akalegea kwa kiasi cha kukubali mlo mmoja wa mchana. Kijana aje na mkubwa mmoja wa nyumbani kwao, wakae mezani, atazamwe. Jibu lingetolewa siku hiyo hiyo, na lisingerudiwa.

Mama hakupata usingizi kwa kuwaza. Mumewe hakumtia hofu, maana alikuwa ameila kwa miaka bila kujua. Lakini yule kijana! Mtu anayelala na kuamka na makopo angeijua nyama ile tangu harufu ya mlangoni, na kijana mwenye adabu, akitaka kumsifu mama mkwe, angeweza kufungua kinywa na kuibomoa nyumba nzima. Hapo akapiga moyo konde. Kwa ajili ya siku hiyo moja, alikwenda buchani.

Mwenye bucha alimkodolea macho. "Mama! Nilidhani mmehama."

"Nipe nyama nzuri, laini, wala usinitanie," alisema.

Aliichemsha asubuhi yote. Aliikaanga kwa vitunguu na nyanya, akatia ndimu, akafanya kila alichokuwa akifanya siku zote, na kila alipoionja aliona kwamba ni nyama nzuri ya ng'ombe, ya haki, isiyo na hila yoyote. Moyo ukamtulia.

Wageni walifika kwa wakati. Kijana alikuwa amebeba kapu la machungwa, na akalipeleka mwenyewe hadi jikoni, akalitua kwa heshima karibu na jiko. Shangazi yake, mwanamke mnene wa maneno mengi, alikwisha kujikalisha mahali pazuri mezani kabla hajakaribishwa.

"Shikamoo, mzee wetu. Nyumba inanukia humu! Mimi nimekuja na njaa makusudi."

"Marahaba. Hapa mtakula nyama," alisema Mzee Ulimi, akimtazama kijana toka utosini hadi unyayoni. "Nyama hasa. Sijui kama wewe unaifahamu."

"Nimekuja kujifunza, mzee," alisema kijana.

Jibu hilo lilikuwa zuri, na binti alimtazama mama yake kwa macho ya matumaini. Chakula kikapakuliwa. Mzee Ulimi, kama ilivyokuwa desturi yake, alitangulia kuonja, na wote wakangoja. Alitia kipande kinywani. Akatafuna. Akaacha kutafuna. Akakizungusha kutoka shavu moja hadi jingine, akafumba macho, na mkewe akaona jambo ambalo hakuliona hapo nyumbani kwa miaka: mumewe alikitoa kipande kile taratibu kwa kijiko na kukiweka pembeni mwa sahani.

"Hii," alisema, "ni nyama ya kopo."

Shangazi alibaki na kijiko hewani.

"Baba!" binti alisema.

"Nyamaza. Ina nyuzi. Haina chumvi yake ya ndani. Na ina ladha ya bati. Naisikia hapa, pembeni mwa ulimi." Akamgeukia kijana. "Wewe uliingia jikoni na kapu. Ulimpa mke wangu nini humo?"

"Machungwa, mzee."

"Na chini ya machungwa?"

"Machungwa mengine, mzee." Kijana alitia kipande kinywani, akatafuna kwa makini, jasho likimtoka. "Mzee, naomba radhi sana. Hii si ya kopo. Ingekuwa ya kopo ningeijua. Hii ni nyama ya bucha."

"Unanifundisha mimi? Mimi nilikuwa naonja makopo wewe ukiwa bado hujazaliwa!"

Shangazi akamkanyaga kijana chini ya meza, akamnong'oneza kwa sauti iliyosikika na kila mtu: "Kubali tu, mwanangu. Sema umekosa, mambo yaishe."

"Siwezi, shangazi. Nikikubali hili nitakuwa mwongo, na mzee hatamwoza mwongo."

"Wala hatamwoza mbishi!" alinguruma Mzee Ulimi, akasukuma kiti nyuma. "Kijana, umekuja nyumbani kwangu, umemrubuni mke wangu, umenilisha bati mezani pangu, na sasa unanibishia. Jibu langu mmelipata."

Shangazi alianza kuutafuta mkoba wake chini ya kiti. Binti alikuwa ameinamisha uso, na machozi yalikuwa yakimdondokea katika wali. Mama aliyatazama machozi hayo. Alijua kwamba neno moja lingetosha kumwokoa yule kijana, na alijua pia thamani ya neno hilo. Kwa miaka yote hiyo mumewe alikuwa akimsifu kwa ndugu, kwa majirani na hata kwa daktari wa meno: mke wangu ana mkono, mke wangu anajua nyama. Hakuwa na sifa nyingine aliyoipenda kuliko hiyo.

"Kaeni," alisema. "Shangazi, kaa. Msiondoke mpaka nirudi."

Wakasikia kabati la jikoni likifunguliwa, kitu kikikwaruza, kisha kikaango kikianza kulia kwa mlio ule mwembamba. Harufu ikapita mlangoni na kuingia chumbani. Kijana aliinua kichwa ghafla, akafungua mdomo, kisha akaufunga na kujitia hamnazo. Mama alirudi na sahani moja, akaiweka mbele ya mumewe.

"Onja."

Mzee Ulimi alionja. Uso ukamkunjuka. Akameza, akachota tena, akameza tena.

"Hii ndiyo nyama! Hii ndiyo ninayoijua! Kwa nini hukutuletea hii tangu mwanzo?"

"Kwa sababu hiyo ndiyo ya kopo, mzee wangu," alisema mkewe, akiwa amesimama, mikono ameifumbata. "Ile uliyoitoa kinywani ni ya bucha. Kijana hakukosa. Umekuwa ukila kopo tangu meno yalipokusumbua. Anayekudanganya ni mimi."

Mama alijiandaa kwa kelele, kwa sahani kurushwa, kwa kununiwa mwaka mzima. Mzee Ulimi aliitazama nyama. Kijiko chake kilikwenda sahanini chenyewe, kikarudi kimejaa. Alitafuna kwa muda mrefu kuliko nyama yenyewe ilivyohitaji.

"Kiwanda gani?" alimwuliza kijana hatimaye.

"Kile kile chako, mzee."

"Ahaa." Mabega yakainuka. "Ahaa! Mnaona? Mnaona sasa? Nani aliyekuwa akirudisha nyama mbovu pale? Nani aliyewafundisha vijana wote wanaoonja leo? Hii ni kazi yangu! Hii mnayoila ni kazi ya ulimi huu!" Akasogeza sahani katikati ya meza. "Shangazi, onja. Kijana, na wewe. Kumbe unauza kitu cha maana, halafu unanyamaza kama mwizi! Mtu anayeeneza jasho langu mjini, nitamnyimaje binti?"

Binti aliangua kilio kipya, cha aina nyingine. Shangazi, mkoba ukiwa bado mapajani, alikuwa tayari kinywa kimejaa.

"Jamani, tamu!" alisema. "Mama, hebu nipe siri yake. Umeipikaje?"

"Siri gani?" Mzee Ulimi alimjibu kabla mkewe hajavuta pumzi. "Hapo hakuna upishi, shangazi. Kazi yote imekwisha kiwandani. Yeye amefungua kopo tu."

Mama alikuwa amejiandaa kwa kila kitu isipokuwa hicho. Kisha akavuta kiti, akakaa, akajipakulia ile nyama ya bucha ambayo hakuna aliyeitaka.

"Kweli kabisa," alisema kwa upole. "Basi siku ya harusi utapika wewe, mzee wangu. Ni kufungua tu."

Shangazi alicheka hadi akapaliwa, na kijana akainamia sahani yake, mabega yakimtikisika. Mzee Ulimi hakucheka. Alikuwa amemsogelea mkwewe na kumwuliza kwa sauti ya chini, mkewe asisikie, makopo ya siku hizi yanafunguliwa kutokea upande gani.