Kidude Ndani ya Usukani

Walimwita Redio, dukani na nyumbani, kwa sababu hakuna aliyewahi kumkuta amenyamaza. Hata akipiga mswaki anaongea. Binti huyo alisomea biashara chuoni, akatoka na cheti na maneno mengi kuliko aliyoingia nayo, akapata kazi kwenye duka la vifaa vya baiskeli, na hapo ndipo mdomo wake ulipopata ajira.

Duka lenyewe chumba kimoja kirefu, chembamba, kinanuka mpira mpya. Baiskeli hawauzi. Wanauza vile vya pembeni: mikoba ya kufunga kwenye fremu, vishikio vya chupa, mikanda ya mpira ya kubania hema, taa nyekundu za nyuma, pampu ndogo zinazoingia kwenye soksi. Wateja wao ni wale watu wanaopanda baiskeli wakapotelea milimani, wanalala kwenye hema, wanarudi wamebabuka pua na wamefurahi.

"Baiskeli ni mtu aliye uchi," Redio huwaambia. "Sisi hapa ndio nguo."

Mmoja wa hao wendawazimu alikuwa kaka yake wa pekee, Njiti. Jina hilo alipewa utotoni kwa wembamba wake, na alivyokua aliongezeka urefu tu. Alikuwa anafanya kazi kiwanda cha kuchapisha magazeti, na likizo yake nzima aliitengea safari moja: kuvuka milima ile mirefu, peke yake, na kurudi kwa njia ya chini.

Siku ya kufunga mizigo alikuja dukani na vitu vyake vyote kwenye ndoo, pamoja na mizani ya jikoni ya mama yao. Maana Njiti alikuwa na ugonjwa wa uzito. Kila kitu lazima kipimwe. Mswaki aliukata mpini, ukabaki kitu cha kushika kwa kucha. Mashati aliyakata vile vibandiko vya nyuma ya shingo. Hata kijiko alikitoboa matundu.

"Na ulimi je, umeupima?" Redio akamuuliza.

"Wangu mwepesi. Wako ndio ungetoboa tairi."

Wakafunga mizigo pamoja, huku wanatupiana maneno. Mkoba wa pembetatu katikati ya fremu, zana na viraka ndani. Mkoba mrefu chini ya kiti, nguo na hema. Spoki za akiba zikabandikwa kwa selotepu kwenye bomba. Pawabanki ya kuchajia simu Njiti aliikataa katakata, eti nzito kama tofali. Simu ataizima, ataiwasha akifika mjini.

"Sasa mama akitaka kujua uko hai?"

"Si una kidude chako?"

Kidude chenyewe kilikuwa kimeingia dukani wiki ileile, na Redio alikuwa hajaacha kukisifu tangu boksi lifunguliwe. Kidogo kama betri ya tochi. Unakisukumiza ndani ya bomba la usukani, unaziba na kizibo, basi. Mwizi hata avue baiskeli yote nguo, hajui kama kipo. Na chaji yake inakaa miezi, na hata pasipo mtandao wa simu kinaongea na setilaiti. Kazi yake ni kukuonyesha kwenye simu nukta ya bluu juu ya ramani: baiskeli yako hii hapa.

Njiti alikigeuzageuza mkononi. "Si nikiweke mfukoni tu?"

"Mfukoni cha nini? Ukakifue na suruali? Hiki cha kulinda baiskeli, bwana. Baiskeli ndiyo inayoibiwa. Wewe nani akuibe, mbavu zote hizo zinahesabika?"

Fundi wa duka alicheka mpaka akaangusha spana. Njiti naye akacheka, akamrudishia dada yake kidude, na Redio mwenyewe, kwa kidole chake mwenyewe, akakisukumiza ndani ya usukani. Kisha akamvalisha shingoni filimbi ya plastiki ya rangi ya chungwa, zile wanazogawa bure kwa mteja.

"Hii haina uzito. Usije ukasema dada yako mchoyo."

Njiti akaipuliza palepale. Mteja mmoja karibu apande juu ya rafu.

*

Nyumbani, Redio alimwekea mama yao ile ramani kwenye simu ya mama mwenyewe, akamfundisha kuikuza na kuipunguza. Mama yao alikuwa anashona mashuka ya hospitali, na kuanzia siku Njiti alipoondoka, simu ilikaa juu ya cherehani, imeegemezwa kwenye kopo la vifungo. Akimaliza mshono mmoja anaangalia. Akimaliza mwingine anaangalia.

Mwanzoni ilikuwa raha. Nukta inapanda, nukta inapumzika, nukta inapanda tena. Jioni moja ikasimama kwenye kona, juu kabisa, ramani yote kijani.

"Anapiga hema," Redio akasema.

Asubuhi nukta ikaamka, ikashuka kwa kasi, ikaenda kuingia kwenye mji mdogo ulio chini ya milima. Mji huo haukuwa kwenye njia yake.

"Huko kafuata nini?" mama akauliza. "Na mbona mbio hivyo?"

"Mteremko huo, mama. Na huko kafuata viraka, au soda, au mtoto wa watu. Mwache kaka wa watu."

Nukta ikakaa kwenye ule mji. Kesho yake ikakaa. Kesho yake tena. Inatoka asubuhi, inazungukazunguka, inarudi palepale. Redio akawa na hadithi mpya kila akirudi kazini: ameshapata mchumba, mchumba mwenyewe ana mgahawa, mahari itadaiwa kwa baiskeli. Mama alikuwa akicheka, lakini kicheko kifupi.

"Mji una mtandao. Mbona hawashi simu?"

"Labda imeharibika."

"Hakuna simu ya kuazima mji mzima? Mimi nataka sauti. Nukta hainipi shikamoo. Twende polisi tukaulize."

"Tukawaambie nini? Kwamba mtu yuko likizo na tunamuona anaendesha?" Redio akambusu mama yake kwenye paji la uso, anacheka. "Mama, maiti haiendeshi baiskeli."

Mama akaguna, akarudi kwenye shuka lake. Kwa polisi hawakwenda.

*

Wiki ikapita. Siku hiyo aliingia dukani baba mmoja wa makamo, baiskeli yake ya bei, anaogopa wezi. Redio akamrukia na kidude. Na ili amnase vizuri, akatoa simu yake amwonyeshe mfano hai.

"Huyu hapa kaka yangu. Ukibonyeza hapa, unaona kila alikopita. Ona, hii ya leo asubuhi. Ukikuza unaona hadi aliposimama."

Alikuwa hajawahi kuikuza hivyo. Mstari wa bluu ulipita mtaa mmoja, ukasimama. Nyumba ya pili, ukasimama. Nyumba ya tatu, ukasimama. Mtaa wa pili hivyohivyo, nyumba kwa nyumba. Akabonyeza jana. Mitaa ileile, nyumba zilezile. Akabonyeza juzi.

Mteja akainama juu ya simu, akatabasamu. "Kaka yako anauza nini?"

Redio akabonyeza siku ya nyuma zaidi. Fundi wa duka akainua kichwa, kwa sababu kimya kile hakukizoea.

Njiti alikuwa hauzi kitu. Njiti alikuwa hata hajui kuomba chumvi kwa jirani. Mtu anayekata kibandiko cha shati ili apunguze uzito, agonge milango ya watu na mzigo?

Alitoka nje, akampigia mjomba wake, kaka wa mama, mwenye pikapu ya kubebea mabati.

"Mjomba, njoo unichukue. Usimwambie mama."

Lakini mama aliwaona wakipita nyumbani kuchukua sweta, ikabidi Redio atunge. "Tunakwenda kumfuma huyo bwana harusi. Usimwambie tunakuja."

"Namwambiaje, na simu yake imezimwa?" mama akasema. Akamtilia mjomba chupa ya chai na shati safi la Njiti.

*

Waliifuata nukta kama watu wanaofuata harufu ya kuungua. Iliwafikisha mpaka kwenye ua wa mabati, tanuri limekaa pembeni, majivu yametapakaa. Baiskeli ilikuwa imeegemea ukuta. Ile mikoba yote ilikuwepo. Mkoba wa pembetatu ulikuwa umejaa mikate. Nyuma limefungwa kreti, kwa ile mikanda ya mpira aliyoichagua Redio.

Muuza mkate alikuwa kijana wa rika la Njiti, unga mpaka kwenye nyusi. Alipowaona wanaiangalia baiskeli hivyo, hakukimbia. Akajifuta mikono kwenye suruali.

"Niliikuta," akasema, kabla hajaulizwa.

"Wapi?" mjomba akauliza.

"Juu, kwenye kona. Nilikuwa natoka kwa wakwe, kwa miguu. Asubuhi. Imeegemea jiwe, haina mtu. Nikakaa. Nikaita. Haki nilikaa sana."

"Na simu yake?"

Kijana akaangalia chini. "Nimeiuza."

Redio alikuwa ameshika usukani. Macho yake yalikuwa kwenye kishikio cha chupa, kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyekifunga, na kilikuwa kitupu. Mtu akiegemeza baiskeli jioni, akaondoka na chupa, ameshuka kutafuta maji.

"Uliangalia chini?" akauliza. "Bondeni?"

"Chini kuna nini? Msitu tu."

"Ulisikia kitu?"

Kijana akageuka kuutazama mlango. Ndani ya nyumba mtoto mchanga alikuwa analia, na sauti ya mwanamke inambembeleza.

"Ulisikia nini?"

"Filimbi," akasema. "Nikadhani wachungaji. Wanapigiana filimbi kule."

"Ililia mara moja?"

"Dada, mimi sikujua..."

"Nimekuuliza, ililia mara moja?"

"Ililia tu. Nilipopanda baiskeli, ikazidi kulia. Nikaogopa, nikadhani mwenyewe ameniona. Nimekata kona bado naisikia."

Mjomba alimkamata kijana kola, akamwinua hadi vidoleni, kisha akamwachia, maana hakujua amfanye nini. Redio alitoa mikate mmoja mmoja kwenye mkoba, akaipanga juu ya kreti, akaisukuma baiskeli hadi kwenye pikapu, akaipakia.

*

Polisi wawili wa mji ule waliwatangulia na gari lao, kijana ameketishwa katikati. Pale juu hapakuhitaji kubahatisha. Simu ya Redio ilikuwa imehifadhi jioni ile, na nukta ilikuwa imesimama kwenye jiwe hasa.

Ukingo ulikuwa na majani yaliyolala. Chini yake mwamba wenye utelezi, na chini ya mwamba kijito, maji yake yanasikika toka barabarani. Mjomba alishuka na polisi mmoja, wameshikilia kamba. Redio aliambiwa abaki. Alibaki mpaka aliposikia mjomba anaita lile jina la utotoni, Njiti, kwa sauti ndogo, kama anamwamsha. Hapo akashuka kwa makalio, anashika mizizi.

Njiti alikuwa amejivuta mpaka kwenye jiwe bapa, mguu mmoja umegeuka usivyotakiwa. Koti alikuwa amelifunga zipu hadi kidevuni. Chupa ilikuwa pembeni, tupu, na kifuniko amekifunga vizuri. Filimbi ilikuwa ndani ya ngumi.

"Ana siku ngapi tangu afariki?" polisi akamuuliza mjomba, kwa adabu.

"Hazifiki za nukta," Redio akasema. Hakuna aliyemwelewa, na yeye hakurudia.

Maana alikuwa anapiga hesabu kichwani, na hesabu ilikuwa inakataa kusimama. Asubuhi ile filimbi ilipokuwa inalia, yeye alikuwa mezani na mkate mdomoni, anasema mteremko huo, mama. Alipokuwa anatunga mahari, labda bado ilikuwa inalia. Mama aliposema twende polisi, labda.

Na swali la Njiti: si nikiweke mfukoni tu?

*

Maiti ilichukuliwa na gari la polisi kwenda hospitali ya wilaya. Baiskeli waliambiwa waondoke nayo, wataileta ikihitajika. Walishuka mlima. Mjomba alisema jambo moja tu: habari kama hii haisemwi kwenye simu, watamwambia uso kwa uso, na yeye ndiye atakayesema.

Walipofika chini, mtandao ukarudi, na simu ya Redio ikaita. Mama.

"Usipokee," mjomba akasema.

Ikakatika. Ikaita tena. Ikakatika. Ikaita. Redio akapokea.

"Wewe Redio! Umeiona?" Sauti ya mama ilikuwa ya juu, kama ya msichana. "Anarudi! Ameshatoka kule mjini, akapanda tena milimani, akakaa pale kwenye kona yake, sasa anarudi nyumbani! Tena mbio! Ulisema kweli mwanangu, mteremko huo. Mimi na wasiwasi wangu wa kijinga! Nimeshamtandikia. Nyie mko wapi? Mmepishana naye?"

Redio akafungua mdomo. Katika maneno yote aliyokuwa nayo tangu azaliwe, halikumjia hata moja.

"Haloo? Mtandao mbaya huko. Basi rudini, mtamkuta hapa. Mimi nakaa mlangoni naiangalia."

Mama akakata.

"Simama," Redio akasema.

Mjomba akasimamisha gari pembeni. Redio akapanda nyuma, akang'oa kizibo cha usukani, akakitoa kidude kwa kidole kilekile. Kilikuwa na kitufe cha kuzima, kidogo, unabonyeza kwa kucha. Akaweka kucha juu yake.

Akizima, mama ataiona nukta imepotea, hapohapo, barabarani, peke yake mlangoni. Asipozima, ataiona inakuja.

Mjomba alitoa kichwa dirishani. Hakumharakisha.

Redio akakaa kwenye sakafu ya bati, karibu na gurudumu, akakifumba kidude kwenye ngumi bila kukizima.

"Twende," akasema.

Na mjomba akaendesha polepole, polepole kuliko gari lile lilivyowahi kuendeshwa.