Kila Baada ya Saa Tatu

Alikuwa fundi rangi, na kwa kuwa alikuwa mwanamke pekee kwenye kikosi chao, wenzake walimwita Fundi tu, kana kwamba wao wengine walikuja kazini kutazama. Mimba ilipofika miezi saba aliacha kupanda majukwaa, akabaki na milango na madirisha ya chini. Mwezi wa nane ulipoanza, miguu ilivimba hadi ndala zikamkataa. Asubuhi moja aliamka kichwa kinamgonga, akaona vimulimuli vinacheza ukutani. Tarehe yake ya kliniki ilikuwa keshokutwa. Akaenda siku hiyohiyo.

Mkunga alimpima presha mkono wa kulia, akampima na wa kushoto. Kisha akatoka, akarudi na daktari, mama wa makamo mwenye sauti ya mtu asiyependa kurudia maneno.

"Presha yako iko juu sana, mama. Mtoto tunamtoa leo."

"Leo? Bado wiki tano, daktari."

"Najua. Akibaki humo, nyote wawili mko hatarini. Akitoka, nina pa kumweka."

Fundi aliomba ile fomu ya kukubali upasuaji akaisoma yote, mstari kwa mstari, huku muuguzi akitazama saa. Alitia sahihi. Halafu akampigia simu mumewe, ambaye alikuwa mwoka mikate na muda huo mikono yake ilikuwa ndani ya kinyunya.

"Njoo hospitali."

"Ngoja ninawe..."

"Njoo hivyo hivyo."

Walimchoma sindano ya mgongoni, na kuanzia kifuani kwenda chini mwili ukawa kama wa mtu mwingine. Hakusikia maumivu. Alisikia kuvutwavutwa tu, kama mtu anapekua mkoba wake akitafuta funguo. Halafu kikatoka kilio chembamba, kikakatika, kikaanza tena kwa hasira.

"Binti," mkunga akasema. "Kilo moja na gramu mia nane."

Akaonyeshwa sikio moja na unyayo mmoja, na mtoto akapelekwa mbio.

Siku nzima iliyofuata alilala na dripu mkononi na mrija wa mkojo, dawa ya kushusha presha ikimchoma mishipa kama pilipili. Mumewe alipanda juu kumtazama mtoto, akashuka na picha kwenye simu. Fundi aliitazama hadi skrini ikazima. Kwenye picha mtoto alikuwa na kofia kubwa kuliko kichwa na mrija puani. Hakujua amhurumie au amwogope.

Asubuhi ya pili walimtoa mirija. Sista wa zamu alikuja na karatasi yake.

"Mwanao yuko ghorofa ya pili, wodi ya njiti, ya waliozaliwa kabla ya wakati. Anahitaji maziwa yako, hasa haya ya mwanzo, dang'a. Kila baada ya saa tatu akina mama wanapanda kukamua. Wewe utaanza kesho."

"Kwa nini kesho?"

"Lifti mbovu, na kiti cha magurudumu kimekwenda na mgonjwa eksirei. Na wewe una mshono wa jana tu, mama."

"Wa juzi, Sista. Nitapanda leo."

"Ngazi ni nyingi."

"Mimi mshahara wangu ni wa kupanda ngazi."

Sista alimpima presha kwanza. Ilikuwa imeshuka. Akampa dawa ya maumivu, akamwonyesha namna ya kugeukia ubavu na kujisukuma kwa mkono badala ya kuinuka kwa tumbo. Akamkabidhi kwa wifi yake, dada wa mumewe, msusi ambaye mdomo wake haukujua sikukuu.

Walianza. Fundi alishika ukuta kwa mkono mmoja, kwa mwingine akabana kanga iliyokunjwa juu ya mshono. Mguu wa kulia, wa kushoto ukaufuata, wakasimama. Kwenye kipago cha saba jasho lilikuwa linamtiririka hadi shingoni.

"Wifi, ukianguka nitamwambia nini kaka yangu?"

"Mwambie nilianguka nikiwa nakwenda juu."

"Atauliza na mimi nilikuwa wapi."

"Chini yangu. Wewe ndiye godoro."

Wifi akacheka, na Fundi naye akaanza kucheka, halafu akajikunja. "Usinichekeshe, tafadhali. Nitachanika."

Walipumzika mara nne. Mzee mmoja aliyekuwa akishuka aliwapisha akabana ukutani mpaka wakapita. Safari ile, ambayo mzima angeimaliza kwa dakika moja, iliwachukua karibu nusu saa.

Wodi ya njiti iliongozwa na muuguzi mwanamume, mpana wa mabega, ambaye akina mama walimwita Babu Njiti. Alimsogezea Fundi kiti bila kuuliza swali. Akamwonyesha kitanda cha joto karibu na dirisha.

"Nawa mikono mpaka kwenye viwiko. Kisha mshike. Usimpapase, anashtuka. Weka tu mkono utulie."

Fundi alitia mkono kupitia kidirisha cha kitanda kile, akaufunika mgongo wote wa mwanawe kwa kiganja kimoja. Ulikuwa wa moto. Ulipanda na kushuka.

"Mimi ndiye mwenyewe," akamwambia. "Samahani nimechelewa."

Kukamua kulimfundisha unyenyekevu. Alibana, akasugua, akainama mbele. Baada ya nusu saa alikuwa na matone mazito ya manjano yasiyojaza hata kijiko cha chai.

"Hiki tu?"

"Tumbo lake ni kama gololi," Babu Njiti akasema, akiyavuta matone yote kwa bomba la sindano, hakuacha hata moja. "Umemlisha."

Basi ikawa hivyo. Kila baada ya saa tatu alinawa, akaketi, akakamua. Siku ya tatu maziwa yakaja kwa kishindo, matiti yakawa magumu kama mawe, na akina mama wenzake kwenye benchi wakampongeza utadhani amefaulu mtihani.

Siku ya tano, upande mmoja wa mshono ukaanza kupwita. Haukuwa uchungu ule aliokwisha kuuzoea. Huu ulikuwa na joto, na ulikuwa na mapigo. Daktari kijana aliyepita na daftari lake alibonyeza juu juu.

"Kawaida, mama. Umefanyiwa upasuaji."

"Jana haukuwa hivi."

"Wengine huchelewa kupona."

Alikwisha kugeukia kitanda kinachofuata. Fundi akamshika pindo la koti.

"Daktari, nisamehe. Mimi sijasoma kazi yako, lakini ngozi hii ni yangu. Fungua bandeji uangalie. Ukikuta ni kawaida, nitakuomba radhi mbele ya wodi nzima."

Wagonjwa wa vitanda vya jirani wakageuka kutazama. Kijana alirudi, akafungua, akainama. Alipoinuka uso wake ulikuwa umebadilika.

"Kuna usaha," akasema polepole. "Umefanya vizuri kusema."

Waliufungua mshono upande ule, wakauosha kila siku, naye kila siku aliuma kona ya kanga. Alianzishiwa dawa za nguvu, akakatazwa ngazi. Kwa bahati lifti ilitengenezwa siku ya sita, na kiti cha magurudumu kikapatikana. Mumewe, akitoka kazini, alimsukuma, akigonga kila kizingiti na kuomba msamaha kwa kila kizingiti.

Mchana mmoja, mle kwenye lifti, Fundi alilia. Machozi yalitoka tu.

"Wenzangu wanazaa wanakwenda nyumbani. Mimi nimemtoa kabla ya wakati, na sasa hata mwili wangu unaoza."

Mumewe alikuwa mtu wa maneno machache. Mlango ulifunguka, ukajifunga tena, naye hajatoka.

"Hukumtoa wewe. Ulikwenda kliniki siku mbili kabla," akasema mwishowe. "Ungesubiri tarehe, sasa hivi ningekuwa nasukuma nini?"

Akabonyeza kitufe tena, wakatoka.

Wiki ya pili walimruhusu kumweka mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, wakamfunga kwa kanga. Siku ya kumi na nne mtoto akageuza kichwa, akatafuta, akakamata titi mwenyewe. Alinyonya mara sita, akalala kwa uchovu. Babu Njiti alihesabu kwa sauti. Siku ya kumi na tisa mzani ulisoma kilo mbili na gramu mia moja. Wakaruhusiwa.

Nyumbani palikuwa na mama mkwe, aliyemkataza hata kuinua birika. Wiki ya kwanza alitii. Wiki ya pili wakakubaliana: birika la mama mkwe, mtoto wa Fundi. Alimwogesha mwenyewe, ameketi, beseni juu ya meza, akiwa ameubana mgongo ukutani. Alitembea uani mizunguko mitano, kisha kumi. Zilikuwepo asubuhi alizolia akiwa amebeba nepi mkononi bila kujua kwa nini. Alimaliza kulia, akaianika.

Wiki ya sita alirudi kwa yule daktari wa makamo.

"Hujambo. Unaendeleaje?"

"Sijambo. Ana kilo tatu na nusu, daktari, na ananyonya..."

"Nimekuuliza wewe."

Fundi akafikiri. Alikuwa hajaulizwa hivyo siku nyingi.

"Nachoka. Kovu linawasha. Siku nyingine nalia bila sababu, lakini zinapungua. Jumatatu nilitembea mpaka sokoni na kurudi."

Daktari aliandika yote, kulia na soko pia. Akampima. "Presha nzuri. Tunapunguza dawa. Hayo ya kulia yakirudi kuwa mengi, usingoje tarehe."

"Sisubiri tarehe mimi."

"Najua," daktari akasema, na kwa mara ya kwanza akatabasamu.

Kwenye benchi la nje mumewe alikuwa amesinzia amekaa, kichwa kimeangukia ukutani, mikono miwili imemkamata binti yake barabara. Mtoto alikuwa macho, anajilamba ngumi. Fundi akamchukua taratibu, akaketi kando, akamnyonyesha. Alimwacha mumewe alale.