Beryl na Komeo la Mnara

Njiwa wa mnara wa kanisa letu wamesikia kengele miaka mingi hata wamekuwa viziwi. Ukitaka kuwafukuza, lazima uwaelekee usoni wakusome midomo. Nawataja kwa sababu ndio mashahidi pekee nilionao, mimi Wilf, mwimba besi wa safu ya nyuma ya kwaya, kwa yaliyotupata Jumapili ya kwanza ya Majilio.

Kwetu ibada hiyo huanzia gizani. Taa zote huzimwa, kwaya husimama nyuma kabisa, kinanda hakilii, mchungaji hasemi neno. Kimya. Halafu sauti moja huanza ubeti wa kwanza peke yake, ndipo mshumaa uwashwe na sisi wengine tuitikie. Ubeti huo ulikuwa wa Rosalind, kinara wa sauti ya kwanza, tangu enzi ambazo nywele zangu zilikuwa bado zangu. Mwaka huu mwalimu mpya wa kwaya alimpa Beryl Outhwaite, mjane aliyeimba sauti ya pili maisha yake yote akiutamani, asiombe hata siku moja. Kwetu kuomba ni aibu.

Beryl alitaka kupasha koo mahali Rosalind asikoweza kumsikia. "Twende mnarani, Wilf," akaniambia. "Kengele zikilia, hata Mungu hatanisikia."

Tukapanda, tukapita chumba cha wapiga kengele, tukajificha chumba cha saa juu yao. Akaimba. Niliona mdomo ukienda, sikusikia kitu. Labda njiwa walifaidi.

Kengele zikanyamaza. Wapiga kengele wetu huwaita watu kanisani, kisha wao huenda baa. Walipotoka wakafanya kama kila Jumapili: wakatia komeo mlango wa chini, kwa nje. Tuliposhuka, haukusogea. Simu zetu zilikuwa kwenye makoti, chumba cha kuvalia.

"Sukuma, mzee!"

"Nasukuma! Unadhani nimeukumbatia kwa mapenzi?"

Ngazi ile ni nyembamba hivi kwamba watu wawili hawawezi kugombana. Hakuna nafasi ya kupeana mgongo. Jiwe mbele, jiwe nyuma, baridi juu na chini. Beryl akagonga polepole, kama mtu anayekuja kuomba sukari kwa jirani. Nyayo zikaja.

"Nani?" Ilikuwa sauti ya Rosalind.

"Mimi, dada, Beryl. Tumefungiwa."

"Oo, maskini. Ufunguo anao Cuthbert mpiga kengele, na Cuthbert ameshafika baa. Usijali, mwaya. Ubeti nitakushikia mimi."

"Asante sana, dada," Beryl akasema. Nyayo zikaondoka.

"Asante ya nini?" nikafoka. "Mlango huu hauna hata tundu la ufunguo! Una komeo tu, na liko upande wake!"

"Najua."

"Basi piga kelele!"

Mwanga uliokuwa ukipenya chini ya mlango ukafifia, ukatoweka.

"Haiwezekani sasa," Beryl akanong'ona. "Ibada imeanza."

Usicheke, msomaji. Kanisa zima lilikuwa kimya gizani, na mtu wa kwetu yuko radhi aungue moto bila kukohoa kuliko kuuvunja ukimya ule. Hata mimi niliyekuwa nafoka nilijikuta nanong'ona. Nikamsikia Beryl akihema kwenye shingo yangu. Miaka yote hiyo, na sasa kati yake na ubeti wake kulikuwa na kipande cha chuma kinene kama kidole.

"Sauti inayoruhusiwa ni ya ubeti tu," akasema. "Wilf, lile tundu la kupandishia kengele!"

Sakafuni mwa chumba cha wapiga kengele kuna mfuniko wa mbao, na chini yake ndipo kwaya husimama. Tukapanda tukipapasa. Nikauinua, mgongo ukatoa mlio ambao hakuna kinanda kinao. Kule chini, giza la kisima. Nikamsikia Rosalind akivuta pumzi, ile pumzi yake ambayo Krismasi moja ilimvua mzee wa kanisa wigi.

Saa ya mnara ikagonga kengele yake juu yetu. Beryl akalala kifudifudi, akaingiza kichwa na mabega tunduni, akaokota noti yake kwenye mlio wa kengele ile, kwa kuwa hapakuwa na wa kumpa, akaanza.

Nilikuwa nimemshika vifundo vya miguu. Sauti ile viganja vyangu viliisikia kabla ya masikio.

Rosalind hakutia neno. Kwetu aliyeanza ameanza. Mshumaa ukawashwa. Hakuna aliyeangalia juu, ingekuwa utovu wa adabu. Kwaya ikaitikia, akina mama wa sauti ya kwanza wakilia kama paka waliokanyagwa mkia, maana kengele yetu iko juu kuliko noti aliyotufundishia mwalimu. Kisha wakaandamana kuelekea altareni na mishumaa yao, giza wakatuachia sisi.

Somo la kwanza lilipokuwa likisomwa, nikasikia komeo likivutwa na hatua zikipanda. Rosalind akasimama kwenye ngazi, mshumaa mkononi.

"Mlango uko wazi, Beryl. Shukeni."

Beryl hakutoa kichwa tunduni. Ubeti wa mwisho huimbwa na yule yule aliyeanza.

"Nipo pema, dada," akajibu toka humo shimoni. "Ukishuka turudishie komeo. Upepo unaingia."