Mnazi wa Keptauni

Tangu binti yangu Maulida ajifungue huko Keptauni, Afrika Kusini, mimi sikai nikatulia. Nafagia uwanja nilioufagia alfajiri, nainjika chai naisahau mekoni, naishika simu naiweka. Kisa na mkasa, mnazi.

Kwetu Kaole kitovu cha mtoto kikidondoka huzikwa, na papo hapo hupandwa mnazi. Hapo ndipo kwao, hata azunguke dunia nzima. Wa Maulida upo nyuma ya jiko. Sasa binti yangu kajitia kumpandia mwanawe Haidar mnazi huko huko kwenye baridi, nje kabisa, upepo wa bahari unaupiga. Kitovu kakihifadhi kwenye pamba, anangoja mche ushike. Ukishika, mjukuu wangu ni mtu wa Keptauni. Ukifa, kitovu kinakuja Kaole. Nimeuombea ufe, sifichi.

Jumapili akapiga simu ya video.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nionyeshe."

Makuti yamekauka yote, na moyo wa mche umeoza. Kaufunika magunia, kaulundikia majani makavu shinani, wapi. Nikaona raha ya ajabu. Mara nyuma ya bega lake, upande wa pili wa ua, nikauona mkindu. Mkindu hasa, kama mikindu hii ya kwetu ninayokata ukindu wa mikeka yangu, umestawi kwenye mvua ile ya baridi na umezaa. Nikafyata ulimi.

"Basi mama, kitovu kitakuja nyumbani."

"Mnakuja lini?"

"Sisi hatuji, mama. Kazi hairuhusu. Kuna mtu anakuja Dar, nitampa kwenye bahasha."

Bahasha! Hasira zikanipanda hadi masikioni. Nizike pamba, na mtoto mwenyewe sijamnusa hata utosi?

Maulida akajifuta macho kwa kanga. "Nifanyeje? Huku mnazi haushiki, na huko hafiki. Mwanangu atakuwa hana kwao."

"Nyamaza wewe! Geuka nyuma. Ule mti wa jirani ni mti gani?"

Akageuka. "Mama… mkindu!"

"Kaombe mche. Huo, baridi haiuwezi. Kitovu kizike hapo."

"Lakini mila ni mnazi."

"Bibi yake ni nani, mimi au mnazi? Mlete Haidar hapa."

Akamleta, kafumba macho, mdomo una maziwa. Nilitaka nimwambie mwenyewe kwao ni wapi. Nikaishia kusogeza pua kwenye kioo cha simu, nimnuse utosi.