Kaburi Lililoletwa na Kukuziwa

Kila asubuhi, kabla ya kwenda kupalilia mihogo, Séverine, mkimbizi kutoka Burundi, alikaa ukingoni mwa bwawa, upande wa kijiji cha Sibwesa, akiwatazama kukuziwa, wale ndege weusi wenye paji jeupe kama lililopakwa chokaa. Aliwapenda kwa ugomvi wao. Yangeyange husimama kimya akijiona padri, mnandi hutandaza mbawa zikauke, lakini kukuziwa hukimbizana juu ya maji kutwa kwa ajili ya unyasi mmoja wa kujengea.

Mwaka huo wa 1994 alikuwa na sababu nyingine ya kukaa pale. Mwanawe Arcade alikuwa humo ndani. Ukuta wa mfereji wa kukaushia bwawa ulimwangukia mchana kweupe, na wenzake walimsikia akiita. Gaspar, msimamizi wa mfereji, aliwakataza kufukua. Alitangaza kwamba Arcade ametoroka, amerudi Burundi, na hakuna aliyembishia, maana mkimbizi hana pa kusemea.

"Mtoro haliliwi," aliwaambia. "Nyie endeleeni na kazi."

Basi Séverine hakuwa na kaburi, na kwa desturi ya kwao pasipo kaburi hapana kuganduka, yaani ile siku ya kunywa pombe na kuuaga msiba. Jambo hilo lilimuuma kuliko njaa.

Mvua zilipoanza, kukuziwa walitoka bwawani wakaja uani kwake kwa miguu, kila mmoja na tope mdomoni. Waliliweka karibu na jiko, wakarudi kuchukua jingine. Jirani yake, Bibiana, alikuwa akipita na ndoo ya maji kichwani, akawapisha.

"Wanakuletea Arcade," alisema.

"Naona. Wameanza na mifupa ya miguu."

Baadaye walileta mbavu, mkanda, na fuvu lenyewe, wakilisukuma kwa zamu huku wakigombana. Mahindi yalipotoa mbelewele, kaburi lilikuwa limetimia, limefunikwa matete vizuri kabisa. Séverine akapika pombe ya mtama, katekista akaongoza sala. Gaspar naye alikuja, na kwa kuwa ni mkubwa, alipewa mrija wa kwanza.

"Pole, Mama Arcade. Kumbe alikuwa karibu."

"Alikuwa karibu, mzee."

"Ila mimi nilishawaambia wakubwa ametoroka. Itabaki hivyo hivyo." Alivuta mrija tena. "Sasa msiba umeisha. Jumatatu zamu ya mfereji ni ya kaya yako. Umtume Venant."

Venant, mwanawe aliyebaki, alikuwa akiwagawia watu mirija. Séverine alitamani kumpasulia Gaspar kibuyu kichwani. Akamwongezea pombe, kwa sababu mgeni ni mgeni.

Jumatatu Venant alichukua jembe akaondoka. Jua lilipopanda, kukuziwa wawili waliingia uani na matope, wakaanza kuyapanga kwa urefu wa mtu kando ya kaburi la Arcade. Séverine aliwatazama kidogo. Halafu akahamisha kuni, wapate nafasi.