Kisahani cha Manyoya ya Kijani

Mimi na uchafu hatupikiki chungu kimoja, ndiyo maana kwa wifi yangu sijawahi kunywa hata maji. Yeye ndiye aliyemletea binti yangu boksi la sayansi: visahani vya jeli vya kuoteshea vijidudu. Binti akapangusa choo, viatu na vitu vingine vya nyumbani kwa pamba, akaipaka kwenye jeli. Siku ya nne wifi alikuja kuona, nikamkaribisha chai. Mh! Kisahani kimoja kilikuwa na manyoya ya kijani, kinachuruzika usaha, kinanuka mzoga.

“Hicho cha choo katupe, nitatapika!” nilifoka.

“Cha choo ni hiki kisafi, mama. Hicho ni kitambaa chako cha vyombo.”

Wifi alikisukuma mbali taratibu kikombe cha chai nilichotoka kumfutia.