Macho Niliyoyapima Mimi

Mdogo wangu alipayuka katikati ya pigo, na kwa kosa hilo akapata rafiki.

Kwenye gofu, mchezaji akishauinamia mpira, watazamaji hunyamaza. Hata kikohozi hukimeza. Mimi nilikuwa nimenyamaza hivyo karibu misimu miwili, uwanja hadi uwanja, nikimfuata msichana mmoja mwenye miwani ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameanza kucheza kwa malipo. Nilijua kunyamaza kuliko wote. Halafu siku ya kwanza kumchukua mdogo wangu, yule msichana akiwa ameshainua fimbo juu, mjusi akapita kwenye kiatu cha mdogo wangu.

"Mamaaa!"

Mpira ulikwenda vichakani. Mwamuzi akaja amekunja uso. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Lakini yule msichana aligeuka, akashika kiuno, akamtazama mdogo wangu, kisha akaangua kicheko.

"We dada, hilo ni koo au kengele?"

Tangu hapo mdogo wangu anaitwa Kengele. Naye hakukubali kubaki na deni la jina, akamwita mwenzake Miwani, na jina hilo likasambaa mpaka watangazaji wakalitumia. Jioni ile walipiga picha wamekumbatiana kama waliozaliwa nyumba moja. Ni picha nzuri, mwanga umekaa vizuri. Aliyeshika simu ni mimi.

Hakuna aliyejua kwamba miwani yenyewe ilikuwa kazi ya mikono yangu.

Mimi hupima macho. Nilisomea chuoni, na nilipomaliza nilipata kazi kwenye duka la miwani lenye chumba kimoja cha giza na kingine kidogo nyuma, tunapokatia lenzi. Miezi yangu ya mwanzo pale, aliingia msichana mrefu mwenye mikono iliyoungua jua hadi kwenye kifundo, isipokuwa mkono mmoja mweupe kidogo kwa kuvaa glavu. Aliketi kwenye kiti, akasema, "Dada, nikitazama chini naona mipira miwili. Nikipiga mmoja, unakuwa ni ule mwingine."

Nilimvalisha fremu ya majaribio, nikaanza kubadilisha lenzi moja moja. "Hii, au hii?" Ndiyo kazi yetu, kuuliza swali hilo hilo mpaka mtu achoke. Yeye hakuchoka. Alijibu kila mara kwa makini, amenikazia macho yasiyoona kitu. Mtu ukimpima macho hakuoni. Wewe ni ukungu wenye sauti.

Lenzi zake nilizikata mwenyewe, nikasugua kingo mpaka zikakaa kwenye fremu bila kulegea hata akiruka. Siku aliyokuja kuzichukua, mwenye duka ndiye aliyemkabidhi. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, haya zilinishika. Alizivaa, akatoka mlangoni, akasoma kwa sauti kibao cha duka la ng'ambo ya barabara, neno kwa neno, hata namba ya simu. Nikalia kidogo pale nyuma ya pazia. Chuoni hawakutuambia kwamba hilo hutokea.

Basi nikaanza kumfuata. Mashindano yake ya mwanzo alikuwa akiondolewa siku ya pili, na watazamaji wake tulikuwa wawili, mimi na mama yake, naye mama alikuwa akisinzia chini ya mwavuli. Ili nisionekane, nikajizoesha kutangulia mbele, kule mipira inakoangukia, nikisimama kando ya nyasi ndefu. Huko hakuna watu. Nikajua anapopiga kwa hasira mpira huenda kulia, na kwamba kila mpira wake huuwekea nukta mbili za kijani kwa kalamu. Siku za kazi nilifungua matokeo kwenye simu chini ya meza, katikati ya mteja na mteja. Akapanda polepole: akamaliza wa arobaini, akamaliza wa kumi na tisa, akamaliza wa sita. Siku hiyo aliyomaliza wa sita nilimpa mzee mmoja miwani ya mteja mwingine, akanishukuru akaondoka nayo, ikabidi nimkimbilie barabarani.

Nilitaka jambo moja tu, na lilinitia aibu kulitaka: siku moja ageuke, anitazame, anijue.

Halafu ikawa Kengele asubuhi, Kengele jioni.

"Mama, kanitumia ujumbe! Kasema fainali nisikose."

"Huyo Miwani mbona mnamtaja kuliko mnavyonitaja mimi?" mama alisema. "Au ndiye anayelipa umeme hapa?"

"Mama, wewe huelewi. Sisi mashabiki wake wa mwanzo lazima tuwepo."

Wa mwanzo! Nilikuwa naosha vyombo. Nikaisugua sufuria bila kugeuka.

"Mwanangu," mama akasema, "hiyo sufuria imekukosea nini?"

Ningeweza kusema. Sentensi moja tu ingetosha. Lakini nikisema pale ingekuwa kama naomba, na Kengele angeichukua kesho yake akaisambaza kama habari yake yeye. Siri hiyo ilikuwa kitu pekee nilichokuwa nacho ambacho yeye hakuwa nacho. Nilikishika kama mtoto anavyoshika pipi mpaka inayeyuka mkononi.

Kwenye fainali ya msimu, wachezaji watatu wa kwanza walikuwa wanapata nafasi ya kucheza mashindano makubwa ya nje mwaka unaofuata. Siku ya mwisho Miwani alianza wa tatu, akimzidi wa nne kwa pigo moja tu. Kengele alifika na watu wapatao thelathini waliovaa kofia zilizochorwa miwani. Ilikuwa miwani ya duara. Ya kwake ni ya pembe nne! Hata hilo hawakuliangalia, nami nikatembea mashimo kumi na tano nikilitafuna hilo peke yangu.

Shimo la kumi na sita nikatangulia kama kawaida yangu. Nikasimama kulia, kwenye nyasi zilizonifika magotini, karibu na bomba la kumwagilia. Kule nyuma nikamwona Miwani anatikisa kichwa, amekosana kwa jambo fulani na mbeba mfuko wake wa fimbo, mjomba mmoja mwenye mvi. Nikajua atapiga kwa hasira.

Mpira ukaja kulia. Ukagonga shina la mti, *ko!*, ukarudi nyuma, ukadunda mara moja, ukajizika kwenye kishungi cha nyasi hatua chache kutoka kwangu. Nikausogelea bila kuugusa. Nukta mbili za kijani.

Kundi zima lilikuwa limesikia mlio wa mti, na likakimbilia ng'ambo ya mti.

"Huku!" Kengele alikuwa mbele yao. "Umepita huku, nimeuona kwa macho yangu haya!"

Miwani akamfuata. Bila shaka alimfuata Kengele. Mwamuzi akatazama saa yake na kutangaza kwamba dakika tatu za kutafuta zimeanza. Zikiisha, mpira unahesabiwa umepotea, na mchezaji anarudi alikotoka na adhabu juu yake. Kwa Miwani hiyo ingekuwa kwaheri ya nafasi ya tatu.

Nami nilisimama pale nimenyamaza.

Nitasema ilivyokuwa. Niliwatazama wakipekua majani, kofia thelathini zimeinama, na kitu kitamu kikanipanda kifuani. Mwache Kengele akosee. Mwache Miwani aone kwamba kengele ni mlio tu. Mwache amgeukie, mara moja tu, kwa uso ule ambao mwamuzi alimgeuzia siku ya mjusi. Nilikuwa nangoja uso huo kama mtu anavyongoja chakula.

"Una uhakika, Kengele?" nilisikia Miwani akiuliza. Sauti ilikuwa imemkauka.

"Nilikuwa na uhakika," Kengele akasema. Mdogo wangu, ambaye sijawahi kumsikia akisema neno kwa sauti ndogo, alilisema hilo kwa sauti ndogo.

Ndipo Miwani akavua miwani yake. Jasho lilikuwa limeichafua. Akaifuta kwa pindo la shati, na kwa sekunde hizo akainua uso kuelekea upande wangu, macho wazi, hayaoni kitu. Ulikuwa ni ule uso wa kwenye kiti. Uso wa mtu aliyekuachia macho yake, anakungoja umwambie ipi ni ipi.

"Upo hapa," nikasema.

Hakuna aliyesikia. Nikasema tena, na sauti ikaishia kwenye nyasi. Nilivuta pumzi, nikaita jina la nyumbani la mdogo wangu, lile analoitwa na mama tu.

Akageuka. Tumelala chumba kimoja tangu utoto. Sauti yangu anaijua hata nikinong'ona ukutani.

"Dada kauona!" Kengele akapiga yowe, na safari hii nadhani hata mji ulisikia. "Jamani, acheni huko! Miwani, kimbia, dada yangu kauona!"

Miwani alifika akihema, akainama, akaona nukta. Mwamuzi akashusha saa. Miwani hakunitazama, alikuwa na kazi. Alichukua fimbo fupi, akaunyanyua mpira kutoka kwenye kile kishungi ukatua sehemu nyororo, akamaliza shimo lile bila hasara kubwa, na mawili ya mwisho akayacheza kama mtu anayetembea kwao. Akashika nafasi ya tatu kwa pigo moja.

Baadaye mashabiki wakamzunguka. Nilikuwa nimeshaelekea getini Kengele aliponikamata kifundo cha mkono.

"Wapi? Huendi popote. Miwani! Huyu ndiye dada yangu, aliyeuona. Ana haya mpaka tunamsahau kwenye picha, lakini ndiye."

Miwani akanishika mikono yote miwili. "Dada, asante. Yaani asante sana. Sijui nikwambie nini."

Alisema kwa heshima, kama unavyomshukuru mpita njia aliyekuokotea pochi. Kisha akavua miwani afute machozi, akavuta tena pindo la shati, na mdomo wangu ukafunguka bila idhini yangu.

"Usifute kwa shati. Itachubuka. Nilikuwekea kitambaa laini ndani ya kasha."

Mkono wake ukasimama hewani. Akabaki hivyo, hana miwani, ananitazama bila kuniona.

"Sema tena," akasema.

"Niseme nini?"

"Lolote lile." Akaanza kutabasamu. "Sema, hii au hii."

"Hii," nikasema, "au hii?"

"Ni wewe!" Akanirukia shingoni. "Nilirudi dukani kukutafuta, yule mama mwenye duka akaniambia uko likizo! Mbona hujawahi kusema?"

Juu ya bega lake nilimwona Kengele. Kofia yake ilikuwa imekaa upande, mdomo wazi, na alikuwa anatabasamu kwa nguvu, kwa nguvu mno, kama anayeng'ang'ania mlango usifunguke. Tabasamu hilo nilikuwa nimelivaa mwenyewe miezi mingi. Nilijua linavyouma mashavuni.

Njia nzima ya kurudi Kengele aliikunja na kuikunjua kofia yake. Nyumbani mama alituuliza kama tumefiwa.

Jumatatu, kabla ya saa sita, mlango wa duka ukafunguliwa Kengele akaingia, ameshika mkoba kwa mikono miwili kama mteja.

"Nimekuja kupimwa," akasema. "Siku hizi sioni vizuri. Hata mpira siku ile, umeona mwenyewe, sikuuona."

Nilimkalisha kwenye kiti. Nikazima taa, nikawasha ubao wa herufi. Mstari wa chini kabisa, ambao watu wengi huukisia tu, alianza kuusoma kwa makosa. Lakini kila alipokosea alinyamaza kidogo kwanza, kama anayetafuta herufi nyingine ya kuweka mahali pa ile anayoiona.

Nikamvalisha fremu ya majaribio. Nikatia kioo kitupu, kisicho na nguvu yoyote.

"Hii," nikasema, "au hii?" Nikatia kingine kitupu.

"Hiyo hiyo!" Kengele akapaza sauti mpaka mwenye duka akachungulia. "Hapo naona kila kitu, dada. Kumbe nilikuwa kipofu!"

"Yamekuharibikia sana, mdogo wangu," nikasema. "Utachagua fremu gani?"

"Ya pembe nne," akasema. "Kama ile uliyomtengenezea yeye."

Nikaenda chumba cha nyuma, nikaanza kukata.